Mtoto Aliyefundishwa Kuchelewa

Cirilo Hodge, mkufunzi wa besiboli, alikuwa akimpima mtoto kwa kumtazama mama yake. Watu wa Consuelo, mji wa miwa kisiwani, walimcheka kwa hilo, lakini walimcheka kwa upole, maana hakuna aliyekuwa na njia bora kuliko hiyo. Ukimpelekea mwanao wa miaka kumi na miwili, kavaa soksi za kuvuta hadi magotini na glavu ya kuazima, Cirilo hakumwambia arushe wala akimbie. Alimzunguka mara moja, akamwangalia vifundo vya miguu, upana wa kiuno na urefu wa vidole, kisha akasema, "Haya, sasa niletee mama."

Mama akija, alisimamishwa pale kwenye jua, karibu na besi ya tatu, kimoja cha vile vituo ambavyo wachezaji hukimbilia, akatazamwa alivyojengeka mabega. Ndipo Cirilo akaitikia kwa kichwa, kukubali, au akaguna, kukataa. Kuna kina mama waliokuja na viatu vya visigino virefu ili mtoto achukuliwe.

"Vua, mama," Cirilo aliwaambia. "Mwanao hatacheza na hivyo."

Uwanja wenyewe haukuwa na jina. Ulikuwa nyuma ya kiwanda cha sukari, umezungukwa na miwa pande tatu, na upande wa nne kulikuwa na waya wa kuzuia mipira ambao Cirilo aliushona mwenyewe kwa nyavu za kila namna. Mvua ikinyesha, besi ya kwanza ilikuwa dimbwi. Mbuzi wa jirani walilala besi ya pili, na kila asubuhi kazi ya kwanza ya mazoezi ilikuwa kuwafukuza.

Yeye mwenyewe aliwahi kusaini mkataba na klabu, zamani, akiwa na miaka kumi na saba. Klabu ilimpeleka Marekani kwenye ligi za chini, mji mmoja wa kaskazini ambako mwezi wa nne bado kuna baridi ya kupasua midomo, na lugha aliyojifunza huko ilimtosha kuagiza kuku. Kurusha alijua na kukimbia alijua. Kupiga mpira unaopinda hewani ndiko kulikomshinda. Msimu wa tatu, asubuhi kabla ya chai, aliitwa ofisini, na jioni alikuwa kwenye ndege na marungu yake mawili ya kupigia mpira. Alipofika nyumbani watu walimuuliza, "Umekuja likizo, Cirilo?" Akajibu ndiyo. Aliendelea kujibu ndiyo mpaka watu wenyewe wakachoka kuuliza, na hapo ndipo alipochukua jembe akaanza kulima ule uwanja.

Miaka ishirini na zaidi alifundisha watoto wa watu bila hata mmoja kutoka mikononi mwake kwenda kusaini. Waliokuwa wazuri, wakufunzi wenye nyumba za kulaza watoto na chakula cha kutosha waliwachukua dakika za mwisho. Waliobaki waliingia kiwandani. Cirilo hakulalamika hadharani, lakini alipoona gari la mkufunzi mwingine likipita barabarani alitema mate. Alichotaka ni kitu kimoja, na Consuelo nzima ilikijua: mtoto mmoja tu, atoke pale, asaini, na isemwe kwamba ni wa Cirilo.

Basi akaja Dariel Peguero. Alikuwa mwembamba, mtulivu, na mikono yake ilikuwa mirefu kupita umri wake. Mama yake, Milqueya, alikuwa anashona suruali katika viwanda vya mji jirani wa San Pedro, na alikuja uwanjani moja kwa moja kutoka zamu, na nyuzi zikiwa nyweleni. Alikuwa mrefu kuliko Cirilo. Cirilo alimtazama, akamtazama tena, hakuguna wala hakuitikia kwa kichwa.

"Vipi?" Milqueya akauliza. "Mimi ni ng'ombe wa mnadani au?"

"Samahani, mama. Mwache mtoto hapa."

Mwaka mmoja baadaye hakuna aliyehitaji kutazama mama tena. Dariel alisimama pale kati ya besi ya pili na ya tatu, na mpira wowote uliopigwa upande ule ulikuwa wake. Akishika rungu, ile sauti ya mpira ukigongwa katikati ilisikika mpaka kwenye duka la kona, na wacheza domino walinyanyua vichwa.

Sheria ni kwamba mtoto hasaini mpaka miaka kumi na sita, na kusaini ni Januari. Lakini vilabu havina subira hiyo. Msaka vipaji wa klabu akiona mtoto wa miaka kumi na mitatu akampenda, anatoa neno lake kwa mkufunzi, wanapeana mkono, na toka siku hiyo mtoto amefungwa. Haandikwi popote. Anangoja tu umri wake, na mkufunzi anaapa kumficha ili klabu nyingine isije ikamwona ikapandisha bei. Kisiwa kizima kinafanya hivyo, na kila mtu anajifanya hakifanyi.

Aliyemfunga Dariel alikuwa Lugo, msaka vipaji wa klabu moja, mtu wa kofia safi na maneno machache. Alikuja alfajiri, akamtazama mtoto akipiga mipira, akamwita Cirilo pembeni.

"Huyu usimwonyeshe mtu."

"Nimfiche wapi, kaka? Mji wote unamjua."

"Utajua mwenyewe. Mwingine akimwona, mimi na wewe hatujuani." Kisha akanyoosha mkono, na Cirilo akaushika kwa mikono yake miwili.

Wakufunzi wengine huwaficha watoto kwa mashangazi huko milimani. Cirilo aliona huo ni ujinga. Mtoto asipoonekana, wasaka vipaji huuliza, yule mrefu yuko wapi? Na wakishauliza, keshokutwa mama yake kaletewa friji na mtu asiyemjua. Cirilo aliwaza kitu kingine, akakipenda sana kwa sababu kilikuwa chake peke yake: angemficha Dariel palepale uwanjani, mbele ya macho yao. Angemfundisha kucheza vibaya.

"Ukiona mpira unatoka mkononi mwa mrushaji, usiende nao," alimwambia. "Vuta pumzi kwanza. Ndipo upige. Na ukirusha besi ya kwanza, uangushe chini kidogo, mpira urukeruke."

"Watanicheka, mwalimu."

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Wacheke."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Januari ya miaka yako kumi na sita, mwanangu. Baada ya hapo utawacheka wewe."

Dariel alikuwa mtoto wa kusikia. Alijifunza kuchelewa kama alivyojifunza kila kitu, upesi na kwa usafi, na hakuna aliyeweza kuona kwamba ni kusudi. Wasaka vipaji wakija, kila mwezi au zaidi, wakiwa wameketi nyuma ya waya na vipima kasi vyao, Dariel alipiga hewa. Alipobahatika kuugusa mpira, ulikwenda pembeni kama umekosea njia. Miongoni mwao alikuwepo Nido Cuevas, mzee mnene aliyekuja na mto wake wa kukalia na samaki wa kukaanga kwenye karatasi, na ambaye neno lake lilisikilizwa pale San Pedro.

"Cirilo!" Nido aliita siku moja huku anatoa miba mdomoni. "Huyu wako anapiga kama bibi anayefukuza kuku jikoni!"

Waliokuwepo waliangua kicheko, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Cirilo. Dariel aliinamisha kichwa. Cirilo alimwona, akasema moyoni, tazama mtoto anavyojua kuigiza.

Jumapili walifanya mazoezi ya kweli. Walikwenda wawili tu, kwenye reli ya treni za miwa, huku miwa imesimama kama kuta kushoto na kulia. Cirilo alirusha mpaka bega likawaka. Dariel alipiga mipira ikapotelea ndani ya miwa, wakaingia kuitafuta wakikwaruzwa shingo, na mtoto alicheka kule ndani kwa namna ambayo hakucheka uwanjani hata mara moja.

Milqueya alimjia Cirilo mwaka wa pili. "Bwana Cirilo, shuleni wanamwita Kobe, kwa kuchelewa kwake. Hata wasichana."

"Waache wamwite. Januari watamwita jina jingine."

"Amekuwa hasemi."

"Ni umri huo, mama. Wote hunyamaza wakiota ndevu."

Jumapili moja ya mwaka wa tatu, kule kwenye reli, Cirilo alirusha mpira wa kasi, mwepesi kabisa, wa kumfurahisha, na Dariel akachelewa. Rungu lilikuja mpira umeshapita.

"Hapa hakuna mtu, mwanangu," Cirilo akamwambia.

"Najua. Umepita tu."

Ikatokea tena wiki iliyofuata, na tena wiki ya tatu. Cirilo alisema miguu imerefuka ghafla, mwili unatafuta mahali pake, utatulia. Huenda aliamini. Mkufunzi akishapeana mkono hana haja ya kuangalia sana, na kutoangalia kunapumzisha.

Novemba, miezi miwili kabla ya siku yenyewe, Lugo aliacha kupokea simu. Cirilo alivaa shati la kanisani akapanda kwenda San Pedro, akamkuta mbele ya duka la mtaani kwake akicheza domino mchana kweupe, bila kofia.

"Klabu ina bosi mpya," Lugo alisema bila kunyanyua macho kwenye meza. "Kamchukua kijana wa Venezuela, pesa yote imekwenda kwake. Mimi mwenyewe wameniacha. Unaona Jumanne hii niko wapi."

"Lugo, tulipeana mkono."

Lugo akaweka domino chini, akafungua kiganja chake mbele ya Cirilo. "Huu hapa. Uchukue."

Wale watatu waliokuwa wanacheza naye walicheka kidogo kisha wakaacha. Cirilo alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyofaa, mpaka mwenye duka akamuuliza kama anataka soda.

Habari aliipeleka jikoni kwa Milqueya jioni ile. Milqueya alikuwa anachambua maharage. Dariel alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, magoti yamefika kifuani.

"Kwa hiyo?" Milqueya akauliza.

"Kwa hiyo sasa tunamwonyesha. Mwezi ujao kuna maonyesho, vilabu vyote vinakuja. Nimfichie nini tena?"

Dariel akanyanyua uso. "Naruhusiwa kupiga?"

"Piga mpaka uvunje waya."

Mtoto akacheka. Mama yake akamtazama akicheka, akarudi kwenye maharage yake kwa sababu hakutaka waone macho yake.

Siku ya maonyesho walikuja wasaka vipaji wengi, na nyuma ya waya viti havikutosha. Cirilo alikuwa na watoto wawili wa kuonyesha. Mmoja alikuwa Dariel. Mwingine alikuwa Wilkin, mrushaji, kijana mwenye maneno mengi na mkono mzito, ambaye mpaka wiki chache nyuma Cirilo hakumhesabu sana. Walianza na mbio, na Dariel alipofika mwisho wa mstari watu kadhaa walitazama saa zao mara mbili. Nido Cuevas mwenyewe aliacha kutafuna.

"Yule ni nani?"

"Si Kobe yule wa Cirilo?"

"Kobe gani anakimbia hivyo!"

Kisha wakaingia wapigaji, na mrushaji aliyepangiwa Dariel akawa Wilkin. Mpira wa kwanza ulikuja kifuani, wa kasi, palepale anapopenda. Dariel alipiga hewa. Wa pili aliugusa, ukaenda pembeni. Wa tatu alipiga hewa. Cirilo, amesimama karibu na besi ya kwanza, alimwona akiutazama ule waya, zile nyuso zilezile, kofia zilezile, na aliona kifua cha mtoto kikipanda. Alikuwa anavuta pumzi. Alikuwa hajui kwamba anavuta.

"Sasa hivi, mwanangu!" Cirilo akapiga kelele. "Sasa, usingoje!"

Dariel hakungoja. Mpira uliofuata aliupigia mapema kabisa, ukiwa bado njiani, akazunguka akakaa chini kwenye vumbi. Walicheka, si sana. Alipopelekwa kurusha kutoka mahali pake, mpira wa kwanza ulifika umenyooka, na wa pili na wa tatu ikadunda chini kabla ya besi, na hapo akatazama mkono wake kama si wake.

Wilkin huku nyuma alikuwa anaomba mpigaji mwingine. Kipima kasi kilisema mambo mazuri juu yake.

Nido alimwita Cirilo kwenye waya. "Huyu mrushaji nataka nizungumze na wazazi wake," alisema. "Yule mwingine namjua zamani. Miguu mizuri, mikono imelala. Usimpotezee mama yake muda."

Dariel alikuwa anapita kuchukua glavu yake, akasikia. Akaja mpaka kwenye waya, akaushika kwa vidole vyake virefu.

"Haijalala," akasema. "Niliambiwa nichelewe, mzee. Miaka yote mkija niliambiwa nichelewe. Muulize mwalimu."

 Wasaka vipaji wawili waliokuwa wanaondoka wakasimama. Nido aliweka samaki wake chini, akajifuta mikono, na alipozungumza hakuwa na utani wowote.

"Cirilo. Ulikuwa unanichezea? Mimi? Nimeketi kwenye jua lako muda wote huo unanionyesha sinema?"

Kila mtu pale alikuwa amewahi kuficha mtoto au kufichiwa. Lakini kufichiwa kwa kukosa kumwona ni kitu kimoja, na kuchekeshwa na uongo uliowekwa mbele ya macho yako, ukala samaki wako huku unaucheka, ni kitu kingine. Cirilo alijua akikubali, Nido anabeba mto wake na kuondoka, na Wilkin anaondoka naye, na ule uwanja hakuna atakayeketi tena nyuma ya waya wake. Alimwangalia Dariel. Alimwangalia Wilkin kule, anachezea mpira mkononi.

"Mtoto ana uchungu, Nido," akasema. "Wakishindwa wote husema hivyo. Unawajua."

"Nawajua," Nido akakubali, akatabasamu, akachukua samaki wake.

 Dariel alimtazama Cirilo kwa mshangao tu, kama mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi. Alichukua glavu, akavua viatu vyenye meno, akaondoka na soksi kupitia njia ya miwa.

Januari Wilkin akasaini. Haikuwa pesa ya kutikisa nchi, lakini palipigwa picha, na Cirilo alisimama nyuma ya kijana na kofia ya klabu kichwani ikiwa bado na kibandiko. Dukani kwenye kona walimnunulia bia. "Hatimaye, Cirilo!" walimwambia. "Hatimaye umetoa mmoja!" Akacheka nao, akagonganisha chupa. Baada ya wiki moja kina mama walikuwa wamejipanga uwanjani na watoto wao, wengi kuliko wakati wowote.

Katikati yao siku moja alikuja Milqueya, na nyuzi nyweleni. Hakuja kupiga kelele. Wale wengine walimpisha.

"Bwana Cirilo, nina swali moja, nijibu niende zangu. Mwanangu alikuwa anajua kupiga, au alikuwa hajui? Maana yeye mwenyewe hajui tena. Ananiuliza mimi, na mimi nashona suruali."

"Alikuwa anajua, mama."

"Uliona kwa macho yako?"

"Niliona. Kila Jumapili."

Milqueya akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa bei ya kitu ambacho hana haja nacho tena. "Basi nitamwambia," akasema. "Sijui ataniamini." Akaondoka, na mama aliyefuata kwenye mstari akasogea mbele na mwanawe, akasimama juani, akanyoosha mabega.

Cirilo alienda kwao mara mbili tatu baada ya hapo. Alikaribishwa, akapewa kahawa, akaambiwa Dariel katoka. Mara moja alisikia mlango wa nyuma ukifungwa polepole alipoketi. Alikunywa kahawa yake mpaka ikaisha, akashukuru.

Mwaka ukapita na mwingine. Wilkin aliumia kiwiko katika msimu wake wa kwanza kwenye akademi ya klabu, akarudishwa nyumbani, na akawa anajibu watu kwamba yuko likizo. Uwanja ulikuwa na watoto wengi sasa, na wasaka vipaji walikuja, na Cirilo alikuwa na waya mpya wa kununuliwa. Nido aliendelea kuleta mto wake.

Asubuhi moja ya mvua Cirilo alikuwa amekwama kwenye kituo cha mafuta barabarani, amebeba mfuko wa mipira, akainua mkono kusimamisha pikipiki ya abiria. Ilisimama. Aliyeiendesha alikuwa kijana mrefu, mabega mapana, mwenye koti la plastiki, na Cirilo alikuwa ameshapanda na kujishika ndipo akaona vile vidole kwenye usukani.

"Dariel," akasema.

Kijana hakugeuka. Alisubiri lori la miwa lipite. Injini ilikuwa inatetemeka chini yao, na mvua ilikuwa inampiga Cirilo usoni, na maneno yote aliyoyapanga kwa miaka miwili yalikuwa tayari mdomoni, alikuwa anatafuta tu la kuanzia.

"Unashukia wapi, mzee?" Dariel akauliza, kwa adabu, kama anavyomuuliza mtu yeyote.

"Uwanjani," Cirilo akajibu.

Na Dariel akampeleka.